Kilima Chetu Chekundu

Nyumbani binti yangu tunamwita Kasuku. Asiyejua kwa nini na akae naye muda wa kumenya kiazi kimoja, atajua. Siku yake ya kwanza ya shule ya awali niliamka nikamkuta amesimama pembeni ya kitanda, begi mgongoni, juu ya nguo za kulalia.

"Mama, leo unanipeleka wewe?"

"Mimi."

"Mpaka mlangoni?"

"Mpaka kwenye kiti chako."

"Unasukuma mwenyewe?"

"Nasukuma mwenyewe. Wewe unakaa mapajani na unashika begi."

"Na baba?"

"Baba yuko kwenye mikate."

Baba yake ni mwoka mikate. Sisi tukifumbua macho, yeye keshatia mikate tanuruni na unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amemwachia mwanawe kimkate kidogo cha umbo la samaki, kimefungwa kwenye kitambaa, na Kasuku akakitia begini bila kukionja. Kwa Kasuku, hilo si jambo dogo.

Ahadi ile ya kumfikisha mpaka kwenye kiti haikuwa ya mdomoni tu. Mimi natembea kwa kiti cha magurudumu. Miguu yangu haijanibeba tangu nikiwa mdogo, na nimeshazoeana nayo, haisumbuani na mimi. Kinachonisumbua ni ngazi. Kasuku alipokuwa mchanga nilikuwa nampeleka kliniki kupata chanjo, na kliniki ile ina ngazi mlangoni. Mara ya kwanza walinibeba, mwanamume huku na mwanamume kule, "Shika hapo! Inua! Angalia mlango!" kama kabati linalohamishwa. Mara zilizofuata, nesi akaona ni rahisi zaidi kumchukua mtoto, mimi nibaki nje. Nikabaki nje. Nikawa namsikia mwanangu analia akichomwa sindano mikononi mwa mtu mwingine, na mimi nimekaa juani na shali lake mapajani. Nesi alikuwa mtu mwema, alimrudisha kila mara amembembeleza. Lakini nilijisemea: shule hapana. Shuleni nitaingia naye.

Ndiyo maana, mwaka mzima kabla Kasuku hajafika umri, nilianza kwenda kwenye mikutano ya wazazi ya shule ambako sina mtoto.

"Wewe ni mzazi wa nani?" mwalimu mkuu aliniuliza siku ya kwanza.

"Wa mtu anayekuja," nikamjibu.

Alicheka. Mwalimu mkuu ni mama mnene, mchangamfu, anayependa suti za rangi kali na maua ya makopo, na akikubali jambo analikumbatia mpaka linakosa pumzi. Nilieleza kwamba darasa la awali lina ngazi, na ngazi zile zitanifungia nje. Wazazi wakachanga, mmoja mchanga, mwingine kokoto, mwingine jasho lake, na kazi akapewa fundi mwashi tunayemwita Pima Maji, kwa sababu haendi popote bila kile kipimo chake cha kioo chenye maji ndani. Nasikia hata harusini alikwenda nacho.

Pima Maji alijenga njia ya mteremko haraka, akaniita kwa fahari. Ilikuwa imesimama wima kama ukuta unaotaka kulala kidogo.

"Nimeipima na toroli la zege," akasema. "Limejaa, na limepanda."

"Nani alisukuma?"

"Mimi mwenyewe. Nilianzia kule getini, mbio."

Nilimwomba mtu anisaidie kukaa kwenye benchi, nikamwambia fundi, kaa wewe hapa kwenye kiti, panda. Alipanda mpaka robo. Kiti kikarudi nyuma naye mpaka kwenye lundo la mchanga, kofia ikaenda upande wake. Wazazi walivunjika mbavu. Pima Maji alibaki kakaa palepale kwenye mchanga, anatazama viganja vyake, kisha akasema taratibu, "Kumbe injini ni mikono." Akaibomoa. Akajenga nyingine, ndefu, ya kupanda polepole, yenye kona na uwanda mdogo wa kupumzikia katikati. Niliipita ingali na vumbi la saruji, nikaipenda. Kasuku akaipa jina papo hapo: kilima chetu.

Basi asubuhi hiyo ya kwanza nilimvalisha gauni la shule nililomshonea mwenyewe. Kazi yangu ni kushona sare, na lake nililitia mfuko mkubwa, maana namjua, angeokota mawe. Nikajaza upepo magurudumu, nikajaribu breki, nikavaa glavu zangu za kusukumia, tukatoka. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alitusubiri nje. Huyu ana mdomo! Kama Kasuku amerithi maneno, kayarithi kwake.

"Leo mwalimu anapata ugonjwa wa masikio," akasema akimwangalia mtoto. "Wifi, umemwambia mwalimu aje na pamba?"

"Mwambie wewe shangazi mtu, sauti ni yako."

"Yangu ni ya kistaarabu."

"Ustaarabu wa kuita watu toka mtaa wa pili?"

Tukaenda hivyo tukitaniana, Kasuku mapajani ananihesabia mbwa. Barabara ilikuwa kavu, mikono yangu ilikuwa na nguvu, na moyo ulikuwa mwepesi. Tulipoingia getini, nikaona kilima chetu, na moyo ukaniruka.

Kilikuwa kinang'aa.

Kilikuwa chekundu, chekundu cha kuiva, kinameremeta kama sahani iliyotoka kuoshwa. Kando ya kila ukingo kulikuwa na makopo ya maua, moja baada ya jingine, yameingia ndani ya njia kiasi cha kuacha upenyo wa paka. Na mwanzoni kabisa, umefungwa toka nguzo hii hadi ile, utepe wa hariri wenye shada katikati.

"Yallah," wifi akasema. "Wamekivalisha kama bibi harusi."

Mwalimu mkuu alikuja mbio na suti yake ya manjano. "Mama Kasuku! Umeona? Hujasema kitu! Umeona?"

"Nimeona, Mwalimu. Pamependeza mno."

"Mgeni rasmi yuko njiani. Anakuja kukata utepe, nimemwambia ni njia ya kwanza ya namna hii mtaani kwetu. Akishakata tu, wewe ndiye wa kwanza kupita. Wa kwanza! Nimekutengea nafasi kwenye picha."

"Anafika saa ngapi?"

"Sasa hivi. Yuko njiani." Lakini alitazama getini kwa namna ya mtu ambaye ametazama hapo mara nyingi.

Hapo kengele ikalia. Shuleni hapo wana desturi moja, siku ya kwanza kila mzazi humwingiza mwanawe darasani mwenyewe, humkalisha, humvutia kiti karibu na meza, kisha mwalimu wa darasa hufunga mlango, na kulia kote kunakwisha humo ndani. Nikawaona wazazi wanapanda ngazi, watoto wamewashika vidole. Mmoja alikuwa analia tayari. Mama yake naye alikuwa analia zaidi.

"Mwalimu," nikasema, "watoto wanaingia."

"Ndiyo, ndiyo. Kasuku ataingia na shangazi yake, au nimpeleke mimi kwa mkono wangu. Halafu wewe utapanda kwa heshima zote, bendi ya filimbi ikipiga. Dakika chache tu, mama."

Nilihisi shali mapajani, ingawa halikuwepo. Ndivyo ilivyoanza kule kliniki, kwa watu wema na kwa dakika chache.

Kasuku alishika kola ya blauzi yangu. "Umesema mpaka kwenye kiti."

"Nimesema."

Baba mmoja mwenye mabega mapana, ambaye alikuwa ametoka kumkalisha mwanawe, akakunja mikono ya shati. "Shida iko wapi? Tumbebe tu mara moja kwa ngazi, mimi huku na fundi huku. Fundi, njoo!"

Pima Maji alikuwa amesimama karibu na maua, kipimo chini ya kwapa, kofia mpya kichwani. Alimtazama yule baba, akatikisa kichwa.

"Kubebana hakuna hapa, kaka," akasema. "Hapa pana njia. Nimeijenga mara mbili."

Ningeweza kumbusu kofia yake.

Nilivuta pumzi. Sikutaka kumkasirikia mwalimu mkuu. Alikuwa amejitahidi, na suti yake ilikuwa imepigwa pasi kwa ajili yangu. "Mwalimu," nikamwambia, "wewe nyumbani una vikombe vya wageni?"

Akashangaa. "Vipo. Kabatini."

"Vizuri?"

"Mno."

"Na chai ya kila asubuhi unanywea nini?"

"Kikombe changu cha bati." Akaanza kutabasamu, halafu tabasamu likasimama katikati.

"Mimi si mgeni hapa, Mwalimu. Nitakuja kesho, na keshokutwa, na siku ya mvua, na siku Kasuku atakapotapika nije kumchukua. Nahitaji kikombe cha bati."

Wifi naye hakukubali kupitwa. Akasema, "Dada yangu mkubwa amefunika makochi yake kwa nailoni. Tukienda kumtembelea tunakaa kwenye mkeka, tunayaangalia."

Mtu akacheka. Mwalimu mkuu alitazama utepe, akatazama geti, akatazama mlango wa darasa ambapo mwalimu wa darasa alikuwa anatuangalia, mkono kwenye kitasa. Alikuwa anamwonea aibu mgeni wake, hilo lilionekana. Kisha Kasuku akamtatulia.

"Si tupite chini yake?"

"Eeh!" Mwalimu mkuu akapiga makofi. "Utepe si mlango! Ondoeni maua upande huu. Wifi mtu, shika hilo kopo, taratibu, hilo ndilo linalochanua." Yeye mwenyewe akaenda, akauinua utepe kwa mikono miwili juu ya kichwa, kama mtu anayeinua kamba ya nguo ili mwenzake apite. Nikainama, Kasuku akainama zaidi, shada likanigusa nywele, na tukaingia.

Nikasukuma. Magurudumu yakazunguka.

Tatizo ni kwamba yalizunguka tu. Kiti hakikwenda mbele. Nikasukuma tena kwa nguvu, yakazunguka kwa nguvu, na sisi tukaanza kurudi nyuma, taratibu na kwa adabu, kama watu wanaoaga. Wifi alitupa kopo la maua mikononi mwa fundi, akatudaka kwa kifua.

"Wifi! Unakwenda wapi? Shule iko kule!"

"Kunateleza!" Nilikuwa nacheka. Viganja vya glavu vilikuwa vyekundu pyu. "Hiki ni nini kimepakwa?"

"Dawa ya sakafu," sauti ikajibu nyuma ya ngazi. "Ile ya kopo. Mkono wa kwanza, mkono wa pili, halafu nikasugua kwa tambara la sufi."

Alikuwa Bi Usafi, mama wa makamo anayefagia na kupiga deki shule nzima. Alitoka na brashi yake mkononi, magoti mekundu, uso umejaa furaha ya mtu anayesubiri kusifiwa. "Nimeanza giza halijaondoka," akasema. "Nilitaka ukipanda, mwanangu, ujione sura yako chini. Nilisema huyu mama amehangaika, siyo apite kwenye saruji tupu kama..." Aliona magurudumu, akaona wifi amenikumbatia na kiti chote, akaona zile alama mbili zilizoshuka kwenye mng'aro wake. "Wee! Nimekutegea mtego!"

"Hapana, Bi Usafi, usiseme hivyo. Ni kizuri kweli."

"Kizuri cha nini? Kizuri cha kumtia mama wa watu mtaroni?" Alikuwa keshatupa brashi.

Mwalimu wa darasa aliita kutoka juu, kwa upole, "Mama Kasuku, wengine wote wamekaa."

Nilimwona Kasuku anaminya begi pale ulipo mkate wa baba yake.

Fundi akapendekeza amwage mchanga. Bi Usafi akamkata jicho. "Mchanga uingie darasani, afagie nani, wewe na hicho kipimo chako?" Kisha akakimbia, na sikujua kwamba mama yule anaweza kukimbia, hadi stoo ya nyuma, akarudi na rundo la magunia ya katani, yale anayofutia miguu ya watoto siku za matope. Akayachovya kwenye ndoo, akayakamua, akayatandaza juu ya kazi yake ya alfajiri. Kila gunia alilolaza alilibana kwa goti, na nyuzi ngumu za katani zikakwaruza ule mng'aro. Niliona uso wake. Ilimuuma. Hakusimama.

"Panda, mwanangu. Mimi nashika huku."

Nikasukuma. Gurudumu likang'ang'ania katani, likashika. Nikasukuma tena. Bi Usafi akitambaa kando yetu anavuta gunia la nyuma kulileta mbele, fundi naye akapiga magoti upande wa pili na kofia yake mpya, wifi akipiga kelele kama yuko kwenye mashindano, "Hapo! Hapo hapo! Usiangalie nyuma, nyuma nipo mimi!" Kwenye kona nikapumzika pale fundi alipotujengea pa kupumzikia.

"Mama, unahema," Kasuku akaniambia sikioni.

"Ndiyo, nahema."

"Nikusaidie?"

"Nisaidie."

Akaweka viganja vyake vidogo juu ya glavu zangu, na tulipoanza tena alikunja uso na kuguna kwa kazi nzito. Nguvu yake ilikuwa ya kuku, lakini nawaambieni, niliisikia.

Tulifika juu. Mlango wa darasa ulikuwa mpana, hilo nalo nilishalisema mikutanoni, na nikapita bila kuchubua kidole. Watoto wote waligeuka. Mmoja akauliza kwa sauti kubwa, "Mbona wewe umekuja na gari?" na Kasuku akamjibu, "Kwa sababu tunalo."

Kiti chake kilikuwa karibu na dirisha, kidogo cha mbao, kimepakwa kijani. Nikamsogeza mpaka hapo. Akateleza kutoka mapajani, akakaa, nikakishika kiti kwa nyuma nikakivuta mpaka tumbo lake likagusa meza. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa nimeyapanga tangu jikoni, maneno ya kumtia mtoto moyo, maana kwenye darasa la watu wazima ninalosoma jioni, mwalimu wetu anasema tupange maneno kabla ya kusema. Yakanipotea yote. Nikamfuta shavu, nikamwachia alama nyekundu. Nikajaribu kuifuta, nikamwachia nyingine.

Kasuku alitoa mkate wake wa samaki, akauweka mezani, akautazama, kisha akanitazama mimi kwa subira.

"Haya, mama," akasema. "Nenda sasa."

"Niende?"

"Umeshafika."

Mwalimu wa darasa alijifanya anapanga chaki. Nikatoka. Kwenye mlango nilijipangusa macho kwa mkono wa blauzi, na wifi aliyekuwa ananisubiri hapo akasema, "Jamani, umejipaka usoni. Unafanana na mtu aliyepigana na nyanya." Naye alikuwa analia, ila yeye hulia akitukana.

Mgeni rasmi alifika baadaye, amevaa viatu vya kung'aa. Mwalimu mkuu alifunga upya utepe uliokunjamana, na mgeni akaukata, watu wakapiga makofi. Kwenye hotuba aliuliza ni nani atakayekuwa wa kwanza kuipita njia hii. Watu wote wakatazama magunia, na magoti ya fundi, na mimi. Bi Usafi akamshauri mgeni apande kwa ngazi, kwa usalama wake.

Darasani, magurudumu yangu yalikuwa yameacha mistari miwili myekundu kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti cha kijani. Bi Usafi alitaka kuifuta siku hiyohiyo. Mwalimu wa darasa akamwambia aiache kwanza, watoto wameshaipenda. Wanapangana juu yake wakienda kunawa mikono, na Kasuku amewaambia ile ni njia ya mama yake, lakini anawaazima.

Kesho yake tulirudi. Makopo ya maua yalikuwa yamehamia kwenye ngazi. Kilima chetu kilikuwa hakina hata chembe ya wekundu. Kilikuwa kimesuguliwa kwa sabuni na mawe mpaka saruji ikabaki na magamba, kijivu, kikavu, kinakwaruza kama ulimi wa paka. Bi Usafi alikuwa amesimama kando yake, mikono kiunoni, vidole vimemchubuka. Nikamsalimia, "Shikamoo, Bi Usafi."

"Marahaba." Alikitazama kwa jicho la kujivunia. "Kimekuwa kibaya hicho! Kibaya kabisa, hakitamaniki. Piteni, wanangu."